Sura ya Tisa: Nati Nne

Inspekta aliisoma ripoti ya mkaguzi wa magari kwa mara ya tatu, akaikunja, akaipiga juu ya boneti ya gari lililobondeka kwa nguvu iliyowarusha njiwa wa paa la kituo.

"Kurasa mbili," alisema. "Mtu amekufa, mwingine yuko mahabusu, na huyu bwana ameandika kurasa mbili. Na ya kwanza ni salamu tupu!"

Sajini alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta akimenya chungwa. Miaka sita ya kufanya kazi na mwanamke huyu ilikuwa imemfundisha kwamba saa kama hizi jibu lolote ni kosa. Kituoni walimwita Pasi, kwa siri, kwa sababu akishapata moto haachi mkunjo. Yeye alilijua jina hilo siku nyingi na hakuwahi kulilalamikia.

Lakini asubuhi hii ya Jumanne moto ulikuwa unamuunguza mwenyewe. Jumapili, watu wakiwa wametoka kuzika, udongo wa makaburini haujawatoka viatuni, ni yeye aliyeingia kwenye nyumba ya msiba na kumtia fundi pingu. Alimtia pingu mbele ya mama yake na mbele ya dada yake, na dada huyo ndiye mjane wa marehemu. Kwa maneno mengine, fundi alikuwa amekamatwa kwa kumuua shemeji yake, kwenye msiba wa shemeji yake. Inspekta alifanya hivyo kwa kuiamini karatasi hii hii aliyotoka kuipiga kwenye boneti. Na saa nane mchana wa leo, fundi alikuwa apandishwe kizimbani.

Kisa chenyewe, kama walivyokielewa mpaka hapo, kilikuwa kifupi. Marehemu alikuwa dereva wa kampuni ya kuchimba visima. Gari alilopewa na kampuni lilikuwa la porini, refu, lenye matairi mapana yaliyokuwa yakisugua springi kila akikata kona, na kwenye miteremko lilikuwa linalala upande kama mlevi. Wiki tatu nyuma alilipeleka kwa shemeji yake fundi, akafungiwa speisa, yale mabamba manene ya alumini yanayokaa kati ya ekseli na rimu ili gurudumu litoke nje zaidi na gari lisimame imara. Alhamisi iliyopita, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma kushoto lilichomoka likiwa zima na speisa yake, likaenda zake vichakani. Gari lilipinduka mara nne. Dereva alifia hapo hapo.

Ripoti ilisema hivi: bolti sita za ekseli, mbili zimekatika, nne nzima lakini hazina nati. Fundi hakukaza nati za ndani, zikalegea, zikadondoka njiani. Uzembe. Sahihi, muhuri, kwisha.

"Kamlete fundi," Inspekta alisema.

"Afande, huyo tangu Jumapili ana wimbo mmoja tu. Fungueni gurudumu, fungueni gurudumu. Usiku kucha hatulali."

"Na gurudumu mmelifungua?"

Sajini alilitazama chungwa lake. Gurudumu lilikuwa limelala pale pale lilipotupwa Alhamisi jioni, chini ya bomba la maji, speisa bado imefungwa mgongoni mwake. Hakuna aliyeligusa. Inspekta alivuta pumzi ndefu ili asiseme neno ambalo lingemfikisha mbele ya mkuu wa kituo, naye Sajini akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Fundi aliletwa akiwa na shati lile lile la msibani. Alikuwa mtu mwembamba, mikono yake imemeza mafuta ya gari kiasi kwamba hata sabuni ya kituo haikufua dafu. Alimpita Inspekta bila kumwangalia, akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Mmengoja siku tano," alisema. "Haya. Nifungueni mikono."

"Siwezi. Wewe ni mtuhumiwa, na hiki ni kielelezo. Niambie la kufanya, nitafanya mimi."

"Wewe?"

"Mimi nina mikono miwili kama wewe. Sema."

Kwa mara ya kwanza fundi alimtazama usoni, na jicho lake halikuwa na urafiki wowote. "Nati za nje hizo sita. Zinashika rimu kwenye speisa. Zijaribu kama zimelegea."

Inspekta alipiga magoti sketi ikiwa vumbini, akashika spana ya magurudumu, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena kwa uzito wake wote, nati ikalia ndipo ikakubali.

"Hizo zimekazwa sawasawa," fundi alisema. "Sasa nisikilize vizuri kabla hujaendelea. Speisa inafungwa kwanza kwenye ekseli, kwa nati za ndani. Kila nati inakaa kwenye kishimo chake. Halafu rimu inakuja juu, inavifunika vishimo vyote. Nati ya ndani imeshafungiwa chumbani hapo. Mbele, rimu imeukalia mlango. Nyuma kuna tundu la bolti tu, na nati ni kubwa kuliko tundu. Ikilegea, itacheza humo humo. Ikivunja bolti, itabaki humo humo. Haina pa kutokea."

Inspekta alisimamisha spana hewani. Alirudia maneno hayo kichwani, taratibu, akakitazama kile chuma kilicholala mbele yake. Damu ilimpanda.

"Mkaguzi anasema nne zilidondoka njiani."

"Zimepitia wapi? Zimeyeyuka?" Fundi alipandisha sauti mpaka askari wa zamu akachungulia dirishani. "Fungua! Ukikuta nati sita humo ndani, nipeleke mahakamani sasa hivi, nitakubali kwa mdomo wangu. Nimemuua mume wa dada yangu. Fungua!"

Inspekta alifungua. Nati ya pili, ya tatu, ya nne. Jasho lilimtiririka mgongoni na viganja vikamuuma, lakini Sajini aliponyoosha mkono kumsaidia alimkata jicho, mkono ukarudi. Nati ya sita ilipotoka, yeye na Sajini waliinyanyua speisa na kuigeuza. Vilidondoka vitu viwili chini, nati mbili, kila moja imeng'ang'ania kipande cha bolti kilichokatika.

Vishimo vinne vilikuwa vitupu. Inspekta alitia kidole ndani ya kila kimoja. Akatazama ndani ya rimu, akaitikisa, akamulika kwa tochi. Hakuna kitu.

"Labda," Sajini alisema kwa uangalifu, "labda hukuziweka kabisa. Ulisahau."

"Tazama rangi," fundi alisema. Hakupiga kelele tena. "Mimi nikishakaza nati, napitisha mstari mweupe kwa brashi. Unaanzia juu ya nati unaishia kwenye speisa. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, nami najua. Natia kila nati, kila gari. Wateja wananicheka, wanasema nazipaka wanja."

Mstari ulikuwapo. Pembeni ya kila kishimo kitupu palikuwa na alama nyeupe juu ya alumini, na kila alama ilikatikia ghafla kwenye ukingo, kwa upinde safi, pale ilipokuwa nati wakati brashi inapita. Nusu ya mstari ilikuwa hapa. Nusu nyingine iliondoka na nati. Wakafungua na magurudumu matatu yaliyobaki garini: nati kumi na nane za ndani, mistari kumi na minane, hakuna hata mmoja uliokatika.

"Kwa hiyo mtu alilitoa gurudumu," Inspekta alisema, "akachomoa nati nne kwa mkono, akabakisha mbili, akarudisha gurudumu na kukaza nati za nje vizuri kabisa. Ili ukiangalia kwa nje uone gari zima."

"Si mtu yeyote tu. Spana ya kawaida haiingii kwenye vile vishimo, ni vyembamba. Mimi mwenyewe ilibidi nichukue maboksi mawili, zile kofia za chuma zinazovaa nati, niyasage kwa grenda mpaka yawe membamba. Moja nilibaki nalo. La pili nilimpa shemeji, kwa sababu speisa zikishatembea kilomita mia lazima zikaguliwe, na yeye huwa mbali. Alikagua. Alinipigia simu akasema shemeji, zote zimekaa, hakuna iliyosogea hata unywele." Alilifuta jicho kwa bega la shati. "Tafuteni boksi lake liko wapi."

Inspekta aliipitia orodha ya vitu vilivyotolewa garini. Jeki. Spana ya magurudumu. Kamba. Blanketi. Galoni la maji. Boksi halikuwamo. Akamtuma Sajini stoo kwenye mzigo wa vifaa walivyovikamata gereji, na Sajini akarudi na boksi moja, jembamba, lililosagwa mpaka likang'aa.

"Halina namba," Inspekta alisema akiligeuzageuza.

"Ilikuwa kwenye ngozi ya nje, imeondoka na grenda. Ni la nati ya milimita ishirini na moja. Anayejua ni aliyelisaga, na aliyelitumia."

Alilitia mfukoni. Mfuko wa pili ulikuwa na barua iliyopatikana ndani ya shati la marehemu: mwito wa kamati ya usalama kazini, Jumatatu saa nne, kuhusu lori la kampuni lililokatika breki mwezi uliopita na kumsaga mfanyakazi miguu. Jana kamati ilikaa dakika ishirini. Shahidi hakutokea, kwa kuwa alikuwa kaburini, na faili likafungwa. Inspekta alikuwa ameisoma barua ile Ijumaa akaiweka kando kama karatasi ya kawaida. Sasa alitamani kujipiga kibao.

"Nani alitia sahihi kwamba breki za lori zilikaguliwa?" aliuliza.

"Msimamizi wa yadi," Sajini alijibu. "Yule wanayemwita Bwana Mstari."

*

Yadi ya kampuni ilikuwa imefagiwa mpaka ikachosha macho. Magari yamepangwa kwa mstari, mapipa yamepangwa kwa mstari, hata mafagio yalikuwa yametundikwa ukutani kwa urefu, la kwanza mpaka la mwisho. Msimamizi aliwapokea mlangoni mwa karakana, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, akakifuta kiti kwa kitambaa kabla ya kumkaribisha Inspekta.

"Karibu sana, afande. Msiba umetumaliza. Kijana mzuri yule, hana makuu."

"Nasimama," Inspekta alisema. "Jumatano, siku moja kabla ya ajali, gari lilikuwa wapi?"

"Hapo, nafasi ya tatu. Liliingia saa sita, likatoka Alhamisi alfajiri."

"Nani aliligusa?"

"Nani alithubutu? Kila gari hapa lina dereva wake." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nilimwambia marehemu, gari la kampuni halipelekwi kwa mashemeji. Hakusikia. Mafundi wa mtaani, afande, wanafunga vitu wasivyovijua. Na hao wawili, niseme ukweli, walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mara ngapi nimewasikia wakigombana kwenye simu."

"Wakigombania nini?"

"Mambo ya kifamilia. Sikutaka kusikiliza." Alifikiri kidogo. "Au labda njiani alipata pancha. Pale njia panda kuna mziba pancha, hovyo kabisa yule. Huenda alifungua akarudisha vibaya."

"Tairi nimelitazama ndani na nje asubuhi hii. Halina kiraka. Na tairi la akiba lina vumbi la mwezi mzima."

"Basi hapo sijui."

"Marehemu alikuwa na boksi jembamba, la kufungulia nati za ndani za speisa. Fundi alimpa. Umewahi kuliona?"

"Boksi jembamba? Hapana." Alisema bila kupepesa. "Vitu vya kifundi vya mtaani mimi siviruhusu humu. Sijawahi kuliona."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akageuka, na ndipo alipouona ubao. Ulichukua ukuta mzima, umepakwa rangi ya kijivu, na kila kifaa kilitundikwa kwenye msumari wake, kimezungushiwa umbo lake kwa rangi ya njano. Nyundo ndani ya umbo la nyundo, koleo ndani ya umbo la koleo. Kifaa kikitoka, umbo linabaki likikisubiri.

"Kazi yako hii?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa laini. Sajini, anayemjua, alirudi nyuma hatua moja.

Uso wa msimamizi ulikunjuka. "Kwa mkono wangu. Miaka kumi na minne. Hapa hakuna kifaa kisicho na mahali pake. Dereva akirudi safari, kila kilichomo garini kinashuka, kinakuja hapa, nakiona kwa macho. Wananicheka, lakini hakijapotea hata kimoja."

"Na unavijua vyote?"

"Hata gizani."

"Hii?"

"Kumi na saba."

"Na hii?"

"Kumi na tisa. Hiyo ya pembeni ishirini na mbili. Ile fupi ishirini na nne."

Alikuwa anafurahi. Inspekta alitembea taratibu kuufuata ubao, akionyesha kwa kidole, naye akijibu haraka haraka kama mwanafunzi anayejua somo. Walifika mwisho wa safu ya pili. Pale palikuwa na boksi moja dogo linalong'aa, na rangi ya njano iliyolizunguka ilikuwa mbichi kuliko nyingine zote, haijapata hata vumbi.

"Na hii?"

"Ishirini na moja."

Inspekta alilichukua kutoka kwenye msumari. Alilizungusha mbele ya macho yake, polepole, upande baada ya upande.

"Zile nyingine zimeandikwa. Hii haina namba popote. Umejuaje?"

Msimamizi aligusa kalamu zake mfukoni. "Uzoefu, afande. Kwa macho tu."

"Ishirini na moja unayo nyingine, ile pale juu, nene, ina namba yake. Ya pili ya nini?"

"Nilihitaji nyembamba. Niliisaga mwenyewe."

"Dakika tano zilizopita hukuwahi kuona boksi jembamba maishani mwako."

Akatoa mfukoni pacha wake, akaliweka ndani ya lile umbo la njano mbichi. Lilikaa kama lilivyochorewa. Grenda ilikuwa imepita juu ya yote mawili kwa mkono ule ule, na mikwaruzo ikalala upande ule ule.

"Ulisagia wapi? Onyesha grenda yako. Iko wapi kwenye ubao huu? Si ulisema hakijapotea hata kimoja?"

Jasho jembamba lilianza kumtoka kwenye paji la uso. "Basi labda marehemu alilileta mwenyewe akalitundika. Boksi ni boksi tu, afande. Haliui mtu."

Hilo lilikuwa kweli, na Inspekta alilijua. Wakili yeyote angesimama na neno hilo akalirudia mpaka hakimu asinzie. Alisimama akiuma meno, macho yake yakiuacha ubao na kushuka kwenye rafu iliyokuwa chini yake. Makopo ya rangi yaliyooshwa, yamepangwa kwa ukubwa, kila moja limebandikwa karatasi yenye maandishi safi. MISUMARI INCHI MBILI. WASHA. BOLTI FUPI. NATI KONI. Nati za speisa zilikuwa koni, zimechongoka upande mmoja.

Kifaa kisicho na mahali pake hapa hakipo, alikuwa amesema. Mtu ambaye alishindwa kulitupa boksi la maiti, akaenda kulichorea na umbo lake.

"Sajini. Kopo la nati koni. Limwage."

"Hapana!" Msimamizi aliruka mbele. "Hapana, afande, mtanichanganyia—"

Sajini alilimwaga juu ya meza. Nati za kutu, nati za kijivu, nati za kila umri, na katikati yake nati nne fupi, nyeusi, mpya. Kila moja ilikuwa na mstari mweupe unaoanzia juu na kukatikia ukingoni.

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Zilikuwa nzima," msimamizi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, kama anayejieleza kwa nini amechelewa kazini. "Nati nzima hazitupwi."

"Rudia."

"Nilibakisha mbili." Alijishika kwenye ukingo wa meza. "Sikutaka afe, naapa. Nilijua litayumba. Litayumba atashtuka, atasimama, atabaki huko siku mbili tatu akisubiri gari, na Jumatatu itapita. Alikuwa aende kusema kwamba lori lile sikulikagua. Na ni kweli sikulikagua, siku ile nilikuwa nabandika majina kwenye makopo. Miaka kumi na minne, afande! Ingefutwa kwa sababu ya siku moja."

Inspekta alimsogelea mpaka kalamu tatu za mfukoni mwake zikakaribia kumgusa.

"Ulibakisha mbili," alisema. "Umemtuma mtu mlimani kwenye nati mbili, halafu ukarudi hapa ukafungua kopo la rangi ukamchorea boksi lake mstari wa njano. Ukasubiri likauke. Ukaenda msibani ukakaa na wafiwa. Ukanyamaza nilipomfunga pingu mtu asiye na hatia mita mbili kutoka kwenye kiti chako. Nilikuona! Ulikuwa unatikisa kichwa kwa masikitiko, kama ulivyotikisa sasa hivi!"

"Afande," Sajini aliita polepole.

Inspekta alirudi nyuma. Alijua kwamba kama angebaki pale nusu dakika zaidi, kesi ingemharibikia kwa mkono wake. "Mfunge," alisema. "Nati hizo kila moja kwenye mfuko wake. Boksi, kopo, ubao. Ubao wote, ung'oeni ukutani."

Msimamizi alinyoosha mikono kwa pingu bila ubishi. Kilichomliza kilikuwa ni ubao, walipoanza kuung'oa na vifaa vikadondoka sakafuni bila mpangilio. Inspekta alitoka nje kumpigia simu mkuu wa kituo amwambie fundi asipandishwe gari la mahakama, na mkuu alipoanza kusema habari za ripoti ya mkaguzi, alimkatia.

*

Ilikuwa imetimia saa saba na robo alipofika kwenye nyumba ya msiba. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani vikisubiri wenyewe. Mjane alikuwa uani, peke yake, anasugua sufuria kubwa kwa mchanga, na alipomwona Inspekta hakusimama.

"Umekuja kumchukua nani leo?" aliuliza.

Inspekta alikuwa ameandaa maneno njiani. Yalimpotea yote, ikabidi aseme lililo lilivyo. "Kaka yako hakumuua mume wako. Nati zilichomolewa yadini. Tumezipata, na aliyezichomoa amekiri. Ni msimamizi."

Mkono wa mjane uliendelea kusugua, mizunguko miwili, mitatu, kisha ukasimama.

"Alikaa hapa," alisema. "Jumapili. Alikaa kwenye kile kiti cha bluu. Nilimletea maji ya kunywa."

"Najua."

"Boksi lile mume wangu alikuwa akilivaa kidoleni kama pete. Akinitania. Ona, shemeji amenisagia, nani mwingine ana shemeji kama huyu?" Alikitazama kidole chake mwenyewe, kimejaa mchanga na masizi. "Jumatano ya wiki jana alisema limechukuliwa, eti vyote viende ubaoni. Hakuna mtu aliyeniuliza. Mlikuja hapa, mkahesabu, mkaandika, mkaondoka. Hakuna aliyeniuliza!"

"Ni kosa letu. Ni kosa langu."

"Mama alitaka kumpelekea chakula. Jumapili, na jana, na leo asubuhi. Nilikimwaga. Nilimwambia, ukimpelekea muuaji huyu hata tonge moja, mimi si mwanao tena." Alisema yote haya bila machozi, taya limekaza, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Kaka yangu anayajua haya? Huko ndani wanamwambia hayo?"

Inspekta alimkumbuka Sajini asubuhi ile akisema usiku kucha hatulali. "Ameambiwa mama amekatazwa nyumbani asije," alijibu. "Nadhani ameelewa kilichobaki."

Mjane alisimama. Alinawa mikono kwenye ndoo mpaka kwenye viwiko, bila haraka, akaingia ndani. Vyombo viligongana. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa kichwani na amebeba bakuli lenye mfuniko, la moto, amelizungushia taulo. Alipita mbele ya Inspekta mpaka kwenye gari la polisi, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa, bakuli mapajani.

"Pingu za kaka yangu ulifunga wewe," alisema. "Mbele ya watu wote, kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Ziko bado mikononi mwake?"

"Ziko."

"Basi asizifungue mtu mwingine. Pigia simu huko, waambie wasizishike. Utazifungua wewe, na mimi nitakuwa nimesimama pale nakutazama."